KOFIA YA MKONO NA JINA LA ALIYEISHONA: MSAMIATI, SARUFI NA HESHIMA YA UFUNDI KATIKA KISWAHILI

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni kofia. Najua kwamba wapo watakaoshangaa kumwona mwanaisimu akiziacha fonimu na mofimu zake na kushika sindano na uzi. Hata hivyo, naomba tukumbuke kwamba lugha haikai hewani. Hukaa katika vitu ambavyo watu huvitengeneza, huvitumia, huviuza na kuviombea dua. Anayetaka kujua Kiswahili kimefanya nini na ulimwengu wa wasemaji wake anaweza kujifunza mengi katika chombo cha baharini, katika mlango wa nakshi, na vilevile katika kofia nyeupe inayovaliwa na wanaume wa mwambao, tangu Barawa na visiwa vya Lamu hadi Mombasa, Pemba, Unguja na kwingineko.

Ninayoikusudia ni kofia ya mkono, hasa ile iitwayo kofia ya viua. Hii ni kofia isiyo na ukingo, yenye ubavu wa wima na juu pa bapa, iliyoshonwa kwa sindano ya mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Nitaeleza neno lenyewe, kisha namna kofia inavyoshonwa, kisha sababu zinazoifanya kila kofia ya namna hii iwe ya pekee. Baada ya hapo nitaingia katika suala linalonishughulisha zaidi: kwa nini lugha yetu, iliyo tajiri wa kutaja mtunzi wa shairi, humficha mshonaji wa kofia? Dai langu ni kwamba mshonaji huyu ni msanii kamili, na kwamba namna tunavyosema ni sehemu ya sababu ya kutomwona.

2.0 Neno kofia na jamaa zake

Neno kofia limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambamo kufiya ni kitambaa cha kichwani. Kuhusu asili ya neno hilo la Kiarabu, wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaolihusisha na mji wa Kufa nchini Iraki, na wapo wanaolihusisha na neno la Kilatini cha zama za mwisho, cofea, ambalo pia ndilo lililozaa neno la Kifaransa coiffe. Kwa hoja yetu, jambo la kuzingatia ni yale yaliyotokea baada ya neno kufika pwani ya Afrika Mashariki. Katika Kiarabu neno lilitaja kitambaa cha kukunjwa na kufungwa. Katika Kiswahili likataja kitu kilichokatwa, kikashonwa na kupewa umbo. Kazi ya kutaja kitambaa cha kuzungusha kichwani ilibaki kwa neno jingine, kilemba.

Baada ya hapo maana ya kofia ilipanuka mno. Leo tunasema kofia ya tarbushi, kofia ya pama, kofia ya ukindu, kofia ya chuma. Neno la Kireno lililoletwa pwani, chapeo au chepeo, halikuweza kushindana nalo, na limebaki zaidi katika lugha ya vitabu, kama vile katika tafsiri ya Biblia. Kwa hiyo kofia limekuwa jina la jumla, na aina mbalimbali hutofautishwa kwa kuongeza kivumishi cha -a unganifu. Mtindo huu wa kutaja aina tuukumbuke, kwani tutaurudia katika sehemu ya tano.

Miongoni mwa aina hizo zipo mbili zinazotuhusu moja kwa moja. Ya kwanza ni kofia ya bulibuli, jina ambalo kamusi za zamani zinalitoa kwa kofia nyeupe ya kudarizi. Ya pili ni kofia ya viua. Kiua, katika muktadha huu, ni tundu dogo lililozungushiwa uzi ukingoni ili lisifumuke. Umbo la neno linaonyesha udogo: ua kwa kiambishi ki- hutupa ua dogo, na kofia ya viua inapowekwa mbele ya mwanga huonekana kweli kama bustani ya maua madogo. Mshonaji na msemaji walitazama kitu kimoja kwa jicho moja.

Msamiati wa vitambaa nao unatueleza historia ya biashara. Melimeli, kitambaa chepesi cheupe, ni neno lililotoka Bara Hindi. Bafta lina asili ya Kiajemi. Marekani, jina la kitambaa kizito cha pamba, linatukumbusha meli za wafanyabiashara wa Marekani zilizofika Unguja katika karne ya 19, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya nchi hiyo na Sayyid Said bin Sultan. Mkasi ni Kiarabu, na cherehani ni jamaa wa neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Lakini uzi, pindo, kifungo na mshono ni maneno yetu ya Kibantu. Hali kadhalika katika kanzu, ambayo ni mwenzi wa kofia: badani, yaani kipande cha kiwiliwili, limetokana na neno la Kiarabu la mwili, ilhali kikwapa, kile kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono, ni neno kwapa lenye kiambishi cha udogo. Vazi moja limeshonwa kwa vitambaa vya bandari kadhaa na kutajwa kwa maneno ya bandari hizo hizo.

Kofia yenyewe nayo imesafiri. Nchini Oman kofia ya namna hii huitwa kumma, na ni sehemu ya vazi rasmi la wanaume. Undugu wake na kofia ya Zanzibar unaonekana kwa macho, na historia inaueleza: Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hasa tangu mwaka 1970 Sultan Qaboos aliposhika madaraka, familia nyingi zilizokuwa zimeishi Zanzibar zilikwenda Oman zikiwa na Kiswahili chao na sindano zao. Huko kaskazini, kofia ya Barawa ina sifa ya pekee, na Barawa ndiko kunakosemwa Chimwini, lahaja ya mbali ya jamii ya Kiswahili. Vita vya Somalia vilivyoanza mwaka 1991 vilipowatawanya Wabarawa hadi Mombasa, Uingereza na Marekani, kofia yao ilikwenda nao.

3.0 Kofia inavyoshonwa

Nitaeleza kazi yenyewe kwa ufupi, kwa kuwa hatuwezi kuheshimu tusichokijua.

Kofia ina sehemu kuu mbili: kipande kirefu kinachozunguka kichwa, na kipande cha duara kinachofunika juu. Kila kipande ni cha kitambaa maradufu. Mshonaji, au mchoraji anayeshirikiana naye, huchora nakshi juu ya kitambaa kwa kalamu. Kisha tabaka mbili hupigwa bandi ili zisiteleze. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Matundu hutobolewa mojamoja kwa kitu chenye ncha, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa mishono iliyobanana hadi ukingo wake uwe mgumu. Baina ya matundu hupita mistari ya mishono inayozishika tabaka mbili pamoja na kuupa ubavu wa kofia unene na nguvu. Sehemu mbili zikishakamilika ndipo huunganishwa. Mwisho kofia hufuliwa, hutiwa wanga, na kuvalishwa kwenye kitu chenye mduara ulio sawa na kichwa ili ikauke ikiwa na umbo lake.

Matundu yana kazi mbili. Ni pambo, na pia ni madirisha: hupitisha hewa katika nchi ya joto. Ubora wa kofia hupimwa kwa wingi na udogo wa viua, kwa usawa wa mishono, na kwa usafi wa upande wa ndani. Anayeijua kofia huigeuza kwanza. Nje ya kofia huweza kumdanganya mnunuzi, lakini mafundo na nyuzi zilizorukwa hujionyesha ndani.

Kazi hii haiendi haraka. Kofia ya kawaida huchukua wiki kadhaa, na iliyojaa viua vidogo huweza kuchukua miezi, kwa sababu mshonaji hushona katika nafasi anazozipata baina ya kupika, kulea na kazi nyingine za nyumbani. Nasema kupika na kulea kwa makusudi. Wapo wanaume wanaoshona kofia, lakini sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na wanawake, na wanawake hawa hushona kitu wasichokivaa. Methali yetu husema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Mshonaji wa kofia amemzidi mfinyanzi, maana yeye hata hicho kigae hana.

4.0 Kwa nini hakuna kofia mbili zilizo sawa

Mtu anayezitazama kofia hizi dukani kwa haraka huweza kudhani kwamba zote ni moja. Zote ni za duara, nyingi ni nyeupe, na nakshi zake zinafanana. Dhana hii ndiyo iliyowafanya baadhi ya watu kuziita kazi za mazoea na kumnyima mshonaji jina la msanii. Naomba tuichunguze kwa hesabu ndogo.

Tuchukue kichwa chenye mzingo wa sentimita 56. Ikiwa nakshi moja ina upana wa sentimita 7, basi itarudiwa mara 8 kuzunguka ubavu, na nakshi ya mwisho itakutana na ya kwanza pasipo pengo. Sasa aje mteja mwenye kichwa cha sentimita 58. Nakshi 8 zilezile zitaacha pengo la sentimita 2 mahali pa kuungana. Mshonaji afanyeje? Anaweza kuipanua kila nakshi iwe sentimita 7.25. Anaweza kutia mstari mwembamba wa viua baina ya nakshi na nakshi. Anaweza kubuni pambo dogo la kuficha maungano. Au anaweza kuiacha nakshi ile na kutafuta nyingine. Aidha, uamuzi wowote atakaouchukua ubavuni utadai jibu juu, kwa kuwa kipande cha duara, ambacho kwa kichwa cha sentimita 56 kina kipenyo kisichofika sentimita 18, hugawanywa kwa mafungu yanayopatana na yale ya ubavuni. Umbo lililo refu na bapa ubavuni sharti lipate ndugu yake aliyebanwa katikati na kupanuka ukingoni.

Haya yote huamuliwa kabla ya tundu la kwanza kutobolewa, na mengine huamuliwa njiani, kitambaa kinapovutika au uzi unapobadilika unene. Kwa hiyo upekee wa kofia ya mkono hautokani na mshonaji kutaka kuwa tofauti. Unatokana na kichwa kimoja, kitambaa kimoja, mkono mmoja na maamuzi mengi madogo yaliyofanywa kwa ajili ya kofia hiyo tu.

Wanafunzi wa ushairi watakuwa wamekwisha kuona ninakoelekea. Tarbia nyingi zina mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo, zikigawanywa 8 na 8, na vina vya kati na vya mwisho. Kanuni ni hizo kwa maelfu ya tungo. Je, kuna anayesema kwamba tarbia zote ni shairi moja? Hakuna, kwa sababu tunajua kwamba kanuni ndiyo inayomlazimisha mtunzi kuchagua neno hili na kuacha lile. Kanuni ya kofia humfanyia mshonaji jambo hilo hilo. Wanaisimu nao wanajua kwamba sarufi yenye kanuni chache huzalisha sentensi zisizo na idadi, na hakuna anayemwona msemaji kuwa kasuku kwa sababu amefuata sarufi.

Lugha yenyewe ilikwisha kuliona jambo hili kabla yetu. Kitenzi tunga kina maana ya kupitisha uzi: tunatunga shanga, tunatunga uzi katika sindano. Kitenzi hicho hicho ndicho tunachokitumia kwa shairi, na kutoka humo tumepata mtunzi, utunzi na utungo. Mwenye sindano ndiye aliyemkopesha mwenye kalamu kitenzi chake. Deni hilo halijalipwa.

5.0 Jina la mshonaji katika sarufi

Sasa tuingie katika sarufi. Tuzingatie vikundi vitatu vya maneno: shairi la Muyaka, kitabu cha Shaaban Robert, kofia ya Juma.

Katika mfano wa kwanza, -a unganifu humtaja mtunzi. Katika wa pili, msikilizaji huelewa kwanza kwamba Shaaban Robert ndiye aliyekiandika, ingawa anaweza pia kuelewa kwamba nakala ilikuwa mali yake. Katika wa tatu, hakuna shaka yoyote: Juma ndiye mwenye kuivaa. Kisarufi, miundo hii mitatu ni sawa kabisa. Nomino inafuatwa na kiunganifu chenye upatanisho wa ngeli, kisha jina la mtu. Tofauti ya maana haitoki katika muundo. Inatoka katika desturi ya jamii: pale ambapo jamii inamtambua mtengenezaji, -a unganifu huweza kumbeba, pale ambapo haimtambui, -a unganifu humwendea mmiliki moja kwa moja. Hiki ni kipimo chepesi ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kukitumia. Jaribu kwa mkeka, chungu, kikapu na mlango. Kisha jaribu kwa wimbo, picha na riwaya.

Vitenzi vinatupa ushahidi zaidi. Kutoka mzizi shon- tunapata shona, shonwa, shonea, shonewa, shonesha. Msikilizeni mvaaji wa kofia mpya akiulizwa. Atasema, “Nimeshonewa,” au atasema, “Nimeishonesha.” Katika kauli ya kutendewa, mfaidika ndiye kiima. Mtenda kazi amesukumwa hadi kwenye kirai cha “na fulani”, ambacho kinaweza kuachwa na sentensi ikabaki kamili. Katika kauli ya kusababisha, aliyelipa ndiye kiima, kana kwamba kazi yake ya kuagiza ndiyo kazi yenyewe. Na pale kofia inaposifiwa kwa kauli ya kutendwa, “imeshonwa vizuri”, mtenda hatajwi kabisa.

Sisemi kwamba kauli hizi ni mbaya. Ni utajiri wa Kiswahili, na kofia ya kushonewa ni istilahi nzuri sana ya kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Ninachosema ni kwamba sarufi inatupa njia nyingi za kumwacha mshonaji nje, na sisi tumekuwa wepesi wa kuzitumia zote.

Kuna kulinganisha kumoja zaidi. Kanga huchapwa kwa maelfu, na zote za toleo moja ni sawa. Hata hivyo kanga ina maandishi, na maandishi hayo tunayaita jina la kanga. Tena zipo kanga zilizopata umaarufu kwa alama ya mfanyabiashara wake, kama zile za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, zinazojulikana kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Basi tazameni: nguo inayotoka mashineni kwa maelfu ina jina lake na jina la mwuzaji wake, na kofia iliyoshonwa mara moja tu katika historia ya dunia haina jina lolote.

6.0 Fundi, mshonaji na mbunifu

Tumwiteje basi mtu huyu? Kiswahili kinatupa majina kadhaa, na kila moja lina uzito wake.

Fundi ni jina la heshima. Lina uhusiano na funda, yaani kufundisha, na jamaa zake ni mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Fundi ni mtu aliyefunzwa na anayeweza kufunza. Lakini katika mazoea ya leo, ukitaja fundi wa nguo watu hufikiri fundi cherehani, na wengi humwona akilini mwanamume aliyekaa barazani na mashine yake. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi, na kwa hiyo neno lenyewe halina hatia. Hatia ni ya picha tunayoibeba.

Mshonaji ni neno pana. Wanasarufi wanajua tofauti ya zamani baina ya nomino za mtenda zinazoishia kwa -i na zile zenye -ji: mwandishi na mwandikaji, msomi na msomaji, mjenzi na mjengaji. Zile za kwanza aghalabu hutaja cheo au kazi ya kudumu, na zile za pili hutaja anayetenda tendo. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mshoni angekuwa mwenye ufundi, na mshonaji angekuwa yeyote anayeshona. Neno mshoni lipo katika kamusi zetu, lakini matumizi yamemwacha. Mwenye ufundi amepewa jina la mpita njia.

Kisha lipo mbunifu. Neno hili limepata nguvu mpya katika miongo ya karibuni, hasa kwa maana ya mbunifu wa mavazi. Maonyesho kama Swahili Fashion Week, yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, yameliweka neno hilo katika magazeti na redio. Ni jambo la kufurahisha. Wabunifu hawa wanajitegemea, wanatia majina yao katika kazi zao, na jamii imejifunza kusema “gauni la fulani” ikimaanisha aliyelibuni na si aliyelivaa. Kwao kipimo cha -a unganifu kimekwisha kubadilika ndani ya kizazi kimoja. Basi mabadiliko yanawezekana.

Lakini pia pana hatari ya kuigawa kazi mafungu mawili: mbunifu mwenye jina, na mshonaji asiye nalo. Hapa mofolojia inatusaidia kutoa hukumu. Kiambishi -fu katika mbunifu ni kile tunachokiona katika mtiifu, mvumilivu kwa umbo la -vu, na mwongofu. Hutaja sifa iliyo ndani ya mtu. Hakitaji cheo, wala duka, wala jukwaa. Mwenye kubuni ndiye mbunifu. Na mwanamke aliyekaa ukumbini kwake, akaamua la kufanya na zile sentimita 2 zilizozidi, amebuni. Kumnyima neno hilo ni kosa la maana kabla ya kuwa kosa la haki.

7.0 Lugha ya kusifu

Kama kazi hii ni nzuri kiasi hicho, tuisifuje? Utamaduni wetu una tahadhari na sifa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Anayesifu kitu cha mtu bila ya kutaja jina la Mungu huogopewa jicho lake. Kitenzi husudu, ambacho asili yake ni kuonea kijicho, leo hutumiwa na vijana kwa maana ya kuvutiwa sana na mtu. Maana hizo mbili zinakaa jirani, na jamii inajua kwamba ukuta baina yake ni mwembamba.

Jambo la kupendeza ni kwamba mavazi ya kichwani yametupa misemo miwili ya sifa. Wa kwanza ni kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa zisizo na kweli. Ukoka ni majani. Kilemba cha majani hunyauka jua likipanda. Wa pili ni kumvulia mtu kofia, yaani kukiri kwamba amefanya jambo kubwa. Msemo huu wa pili tumeupokea kutoka Ulaya, ambako mwanamume huvua kofia kuonyesha heshima. Katika mila ya mwambao mambo ni kinyume: mwanamume huvaa kofia aendapo msikitini, mazikoni, harusini au mbele ya wakubwa. Kwa Mswahili wa mwambao, basi, namna ya kumheshimu aliyeshona kofia si kuivua. Ni kuivaa, na kumtaja.

Zaidi ya hayo, neno kilemba lina maana nyingine ambayo vijana wengi hawaijui. Lilitaja pia malipo ya heshima apewayo mwalimu wa ufundi mwanagenzi wake anapohitimu. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilikuwa na desturi na istilahi ya kumlipa fundi zaidi ya bei ya kazi, kwa ajili ya ujuzi wenyewe. Sifa ya kweli ilikuwa na gharama.

Nalisema hili kwa sababu hali ya sasa ni ngumu. Kofia za mashine zinazoletwa kutoka ng’ambo zimejaa katika masoko yetu, zikiwa na nakshi zilizoigwa kutoka kofia za mkono, na bei yake ni ndogo. Mshonaji anayetumia miezi miwili hawezi kushindana kwa bei na mashine inayomaliza kwa dakika. Anaweza kushindana kwa upekee tu, na upekee hauwezi kuuzwa na mtu asiye na jina. Sheria nazo bado hazitoshi. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kiutamaduni, na hiyo ni hatua njema. Lakini sheria ya namna hiyo humlinda zaidi mwenye mali aliye jamii. Mshonaji mmojammoja, aliyebuni nakshi yake mwenyewe, huweza kupotea ndani ya neno jamii kama alivyopotea ndani ya kauli ya kutendwa.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kofia ya mkono ina historia ndani ya msamiati wake, kwamba kanuni zake huzaa kazi za pekee kama kanuni za ushairi, na kwamba sarufi tunayoitumia kila siku humweka kando aliyeitengeneza. Ningependa kumalizia kwa mapendekezo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa idara zetu.

Kwanza, wanafunzi wa leksikografia wakusanye msamiati wa ushonaji wa kofia, kanzu na buibui kutoka kwa washonaji wenyewe, kwa lahaja zao: Kiunguja, Kipemba, Kimvita, Kiamu na Chimwini. Kamusi za zamani, ya Sacleux na ya Johnson, zote za mwaka 1939, zilihifadhi maneno mengi ya ufundi. Kamusi zetu za baadaye ziliandaliwa kwa mahitaji ya shule na ofisi, na ndivyo ilivyopasa. Sasa ni wakati wa kurudi ukumbini na barazani. Kila nakshi iandikwe kwa jina ambalo mshonaji analiita, na si kwa maelezo yetu.

Pili, kila aliyetupa neno atajwe kwa jina lake katika utafiti, akiridhia. Tumezoea kuandika kwamba “mtoa taarifa mmoja alisema”. Tunapomhoji mshairi hatumwiti mtoa taarifa.

Tatu, makumbusho na maonyesho yetu yaandike chini ya kofia jina la mshonaji, mji wake na mwaka, kama yaandikavyo chini ya picha ya mchoraji. Na sisi tunaovaa tujizoeze sentensi iliyo nyepesi kuliko zote katika sarufi yetu, yenye kiima, kitenzi na yambwa: fulani ameshona kofia hii. Haina kauli ya kutendwa wala ya kutendewa. Mtoto wa darasa la kwanza huiweza.

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekuja hapa leo na kofia kichwani. Mkifika nyumbani, igeuzeni kofia na kutazama upande wa ndani. Kama mishono imetoka kwenye mkono wa mtu, ulizeni ni nani. Kama aliyewauzia hajui, mwulizeni aliyemwuzia yeye. Swali hilo, likiulizwa na watu wa kutosha, litafika ukumbini kwa mshonaji, naye atajua kwamba jina lake lina bei.